Bado Vifungo Tu

Wanazuoni wa kale waliomcha Mungu waliandika vitabu vizito kuhusu uongo. Waliugawa mafungu mafungu, wakabishana kama uongo wa mzaha unahesabiwa, na kama mtu aweza kudanganya ili kumwokoa mwenzake. Hata hivyo, kwa kadiri nilivyowasoma, hakuna hata mmoja wao aliyeugusa uongo wa fundi cherehani, yaani ule usemi wa maneno matatu ambao kila aliyewahi kushonesha nguo anaufahamu: bado vifungo tu. Nguo haijakatwa, bado vifungo tu. Kitambaa kingali ndani ya mfuko kilimoletwa, bado vifungo tu. Usemi huo hausemwi kwa nia mbaya. Husemwa kwa tabasamu, na fundi anayeusema huwa anaamini, kwa muda uleule wa kuusema, kwamba ni kweli.

Habari ninazotaka kueleza ni za fundi mmoja aliyeuacha.

Mtaani anaitwa Mzee Futi, kwa sababu ile futi ya kamba anayopimia watu haimtoki shingoni. Huenda nayo sokoni, huenda nayo zahanati, na Jumapili huonekana ikining'inia juu ya tai yake anapopitisha kikapu cha sadaka, mpaka mkewe amvute koti. Mkewe naye anaitwa Mama Vifungo. Wamefanya kazi katika chumba kimoja kwa miaka ishirini na sita. Mume hupima, hukata na kushona. Mke hupiga pasi, hutengeneza matundu na kutia vifungo. Duka lao limebanwa kati ya duka la dawa na duka la fundi mwingine wa nguo, nalo lina meza moja ya kukatia, cherehani mbili za miguu, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na dirisha moja linalotazama ukuta wa duka la dawa kwa umbali wa hatua moja. Kwa hiyo taa huwashwa tangu asubuhi, na jua halijawahi kuingia humo tangu siku nyumba ilipojengwa. Nalitaja dirisha hilo kwa makusudi.

Mama Vifungo alikuwa na kinyongo cha siku nyingi, tena alikuwa na haki nacho. Kila mumewe aliposema kwamba bado vifungo tu, mteja aligeuza shingo na kumtazama yeye. Polepole mtaa mzima ukamwona kuwa mwanamke mzito wa mikono anayekwamisha kazi ya mume mchapakazi. Mteja mmoja mwenye huruma aliwahi hata kumletea dawa ya macho, akidhani labda haoni tundu la sindano. Mama Vifungo aliipokea, akashukuru, akaiweka rafuni mahali ambapo mumewe angeiona kila siku.

Mambo yaligeuka alasiri moja ya Alhamisi, katika kikundi cha sala kinachokutana nyumba kwa nyumba. Zamu ya kuongoza somo ilikuwa ya Mzee Futi, na somo lilikuwa ulimi wa kweli. Alizungumza vizuri, maana amejaliwa sauti. Aliwagusa wakubwa, akawagusa wafanyabiashara, akawagusa vijana wa simu, kwa kuwa katika zama hizi mtu angali kitandani huandika kwamba yuko njiani anakaribia. Kisha, kama waongozaji wafanyavyo wanapotaka kupumzisha koo, akauliza ni nani awezaye kutaja uongo mdogo ambao watu wameuzoea hata hawauoni tena. Muuza mboga, mama wa makamo ambaye gauni lake lilikuwa dukani kwa Mzee Futi kwa mwezi wa tatu sasa, akainua mkono taratibu.

"Bado vifungo tu," akasema.

Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Mama Vifungo alicheka kuliko wote, ikabidi atoke nje apate pumzi. Mzee Futi naye alicheka, maana angefanya nini. Lakini alipofika nyumbani alikaa na viatu vyake miguuni. Alimwambia mkewe kwamba tangu abatizwe amesali, amefunga, amewatembelea wagonjwa, na kumbe siku zote hizo imani yake ilikuwa ikiachwa mlangoni pa duka pamoja na mwavuli. Mkewe akamjibu kwamba hilo angemwambia miaka ishirini na sita iliyopita, kama angeulizwa.

Kesho yake alinunua kalenda kubwa akaitundika ukutani juu ya meza. Kanuni aliyojiwekea ilikuwa nyepesi kuitamka: fundi atahesabu kazi zilizo mbele, atataja siku, na mteja ataiandika kwa mkono wake mwenyewe. Kuitimiza ndiko kulikokuwa na shughuli. Watu hawapendi tarehe za kweli. Bibi mmoja aliambiwa kwamba gauni lake litakuwa tayari baada ya siku kumi na tisa, akakasirika kama aliyetukanwa, akabeba kitambaa chake hadi kwa fundi wa jirani, huyu ambaye mtaani wanamwita Bila Wasiwasi, naye akaahidiwa Ijumaa bila wasiwasi. Wiki tatu baadaye alirudi na kitambaa kilekile, hakijaguswa na mkasi, akajiandika kwenye kalenda bila kumsalimu mtu. Wengine waliuliza kwa simu nguo zao zimefikia wapi, na Mzee Futi akawaandikia jibu la neno moja: Sijaanza. Neno hilo lilikuwa geni kiasi kwamba wengi walipiga kuuliza kama anaumwa.

Mwaka wa pili wa kalenda, binti yao, ambaye ni muuguzi, alichumbiwa na kijana mpima ardhi. Kijana alipendeza, mazungumzo ya wazee yalikwenda salama, na mchungaji akapanga siku. Palikuwa na mfupa mmoja tu kooni, nao ulikuwa baba wa bwana harusi.

Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwalimu wa hesabu, mgane wa miaka mingi, mtu mrefu mwenye uso usiofunguka upesi. Kila mtu humwita Mwalimu. Miaka mitano kabla, yaani kabla ya kalenda, alipeleka kitambaa kwa Mzee Futi ashonewe suti ya siku ya kuagwa kwake shuleni. Siku ilipofika suti ilikuwa bado vifungo tu. Mwalimu alisimama mbele ya wanafunzi mia sita akiwa amevaa koti la kuazima ambalo mikono yake iliishia karibu na viwiko, akapigwa picha, na picha hiyo iko ukutani shuleni hadi leo. Hakugombana. Alichukua kitambaa chake, ambacho kilikuwa bado hakijakatwa, akaenda zake. Katika vikao vya posa alimsalimu Mzee Futi kwa heshima zote, ila hakuwahi kumwita kwa jina lolote zaidi ya fundi.

Mwezi mmoja kabla ya harusi, Mwalimu alipiga hodi dukani akiwa na kifurushi kwapani.

"Karibu, mkwe. Karibu sana, keti," Mzee Futi alisema, akifuta kigoda.

"Niite Mwalimu tu kwa sasa," alijibu mgeni. "Ukwe bado siku thelathini."

Alikifungua kifurushi juu ya meza. Kilikuwa kitambaa cha mahameli, kijani kilichokolea kama chupa, kikinukia dawa ya nondo. Alieleza kwa sauti ileile ambayo labda alieleza nayo sehemu na desimali. Marehemu mkewe alikinunua mwaka ambao mtoto wao wa pekee aliingia sekondari, akasema kitashonwa koti la kuvaliwa siku kijana atakapooa. Mwaka uliofuata aliaga dunia. Kitambaa kilikuwa sandukuni tangu hapo, na kingine cha namna ile hakipatikani tena.

"Sikuja kwako kwa kupenda," Mwalimu aliendelea. "Mwanangu amenisihi. Anasema umebadilika. Mimi nimefundisha hesabu, fundi. Siamini jibu mpaka nione njia. Kijana wangu anakwenda kuwa mtoto wa nyumba hii, na nataka nijue anaingia katika nyumba ya watu wa namna gani."

Mama Vifungo aliacha kupiga pasi. Mzee Futi alihesabu kazi zake, akataja Jumatano ya juma la harusi, saa kumi alasiri. Mwalimu akachukua kalamu na kuiandika tarehe hiyo kwa herufi ndogo zilizonyooka, akaongeza na saa.

Sasa yafaa nieleze jambo moja kuhusu mahameli. Uso wake una vinyoya vifupi vilivyolala upande mmoja, kama mgongo wa paka. Ukipitisha kiganja kufuata vinakolala, kinateleza. Ukikirudisha, vinasimama na kukukataa. Kwa hiyo vipande vyote vya nguo vinapaswa kukatwa vikielekea upande mmoja. Kimoja kikigeuzwa kichwa chini, mwanga utakipiga vingine, na nguo ya rangi moja itaonekana kuwa ya rangi mbili. Mzee Futi analijua hilo tangu ujana wake. Asubuhi ya kukata alikipapasa kitambaa, akaona vinyoya vinakolala, akachora mshale kwa chaki upande wa nyuma.

Lakini kitambaa kilikuwa haba. Kilipungua shubiri moja, au shubiri na vidole viwili. Na mkono uliokwisha kukata nguo za watu wa kawaida kwa miaka thelathini una tabia zake: ukiona kitambaa hakitoshi, hupanga vile vielelezo vya karatasi vya kufuatisha mkasi kichwa kwa miguu, kama watoto wengi wanavyolazwa katika kitanda kimoja, na kila kitu kikaenea. Kwa pamba au sufi nyembamba hiyo ndiyo akili ya fundi. Mkono wa Mzee Futi ulifanya kazi yake ya kila siku, mshale wa chaki ukiwa chini ya karatasi, na mkasi ukapita. Alipoona vipande vyote vimetimia na hata masalio yamebaki, alifurahi hata akaimba.

Siku tano baadaye koti lilikuwa limeunganishwa kwa bandi, zile nyuzi ndefu za kushikiza kwa muda kabla ya kushona kwenyewe. Chini ya taa ya dukani lilikaa vizuri mno. Mama Vifungo alilitoa nje kibarazani ili alipige brashi, kwa kuwa lilikuwa limeshika vumbi la chaki.

"Baba," aliita baada ya muda. "Hebu njoo nje."

"Kuna nini?"

"Wewe njoo tu, na macho yako yote mawili."

Juani koti lilikuwa la watu wawili. Kifua cha kulia kilikuwa na mng'ao wa jani lililofutwa; cha kushoto kilikuwa cheusi zaidi, kizito, kama jani lilelile likiwa ndani ya maji. Mzee Futi alipitisha kiganja upande wa kulia, kikateleza. Alikipitisha upande wa kushoto, vinyoya vikasimama. Akaketi kibarazani bila kutazama kama pana kitu cha kukalia.

Bila Wasiwasi alitoka mlangoni kwake kuona kulikoni, maana duka lililonyamaza huvuta jirani. Alilitazama koti, akapiga mluzi wa masikitiko, kisha akaleta ushauri kwa moyo mmoja, kwa sababu ni jirani mwema kwa namna yake. Alisema kwamba ndoa itafungwa kanisani, na kanisa lina paa. Sherehe itakuwa ukumbini, na ukumbi una paa. Je, jua litamwona mzee huyo wapi? Na akiuliza, aambiwe ndiyo mitindo ya siku hizi.

"Mimi siongopi tena, ndugu yangu, unajua," Mzee Futi alisema.

"Nani amekwambia uongope? Wewe nyamaza tu. Kunyamaza nako kumekuwa kuongopa?"

Hilo ndilo lililomchoma, kwa sababu lilifanana na kweli. Wanazuoni niliowataja walilishughulikia swali hilo kwa kurasa nyingi, lakini Mzee Futi hakuwa na kurasa hizo. Alikuwa na mkewe tu. Alimgeukia, naye akatia uzi katika sindano bila haraka.

"Mimi sisemi neno," alisema Mama Vifungo. "Ila safari hii usije ukasema ni vifungo."

Alirudi ndani akalitandaza koti mezani. Hofu yake haikuwa ya koti. Akienda kusema, Mwalimu atakuwa amepata jibu alilolitafuta: fundi ni yuleyule, ameharibu kitu ambacho marehemu aliacha, na binti ataingia kwa baba mkwe akiwa mtoto wa mtu huyo. Asiposema, Mwalimu atapata koti zuri, binti atapata harusi yenye amani, na watakaojua watakuwa watatu mtaani na Mmoja juu. Alitia kiganja juu ya kile kifua kilichopinduka akasali. Hakuomba maneno, maneno fundi huwa anayo siku zote. Aliomba miguu. Kisha akalikunja koti, akaliweka katika mfuko, akatoka kabla miguu haijabadili nia.

Alimkuta Mwalimu sebuleni, gazeti mapajani na kalamu nyekundu mkononi. Tangu astaafu amekuwa na desturi ya kusahihisha magazeti. Huyapigia mstari makosa ya hesabu na kuyapa alama pembeni. La siku ile lilikuwa limepata arobaini na mbili kwa mia.

"Tarehe bado," alisema bila kuinua macho. "Umekuja kuomba tuisogeze."

"Hapana, Mwalimu. Tarehe iko palepale. Nimekuja kukuonyesha kitu, na naomba tutoke uani, penye jua."

Walitoka. Mzee Futi alilishika koti mabegani, akalinyoosha mbele ya mwenyewe, akamwomba atazame kifua hiki, kisha hiki. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kimefifia?"

"Hakikufifia. Nimekikata juu chini. Kitambaa hakina kosa. Kosa ni langu."

"Dukani kwako hukuliona?"

"Dukani halionekani. Mke wangu ndiye aliyeliona, nje, juani."

"Kanisani lingeonekana?"

"Halingeonekana. Labda hata ukumbini lisingeonekana."

"Kwa hiyo mimi nisingejua."

"Usingejua, Mwalimu. Ningejua mimi, kila siku nikikuita mkwe."

Mwalimu alilichukua koti mikononi mwake, akaingia nalo ndani. Mzee Futi alibaki uani. Alihesabu vibanio vya nguo kwenye kamba. Vilikuwa kumi na vinne. Kupitia dirishani aliona kwamba Mwalimu ameketi juu ya sanduku, koti magotini, akikipapasa kitambaa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Akageuka akavihesabu vibanio upya.

Mwalimu alipotoka alikuwa na vikombe viwili vya chai, na lile gazeti kwapani.

"Nimefundisha miaka thelathini na minane," alisema. "Wanafunzi walioniletea daftari kwa hiari yao kunionyesha kosa ambalo mimi sikuliona ni mmoja. Siku hizi ni daktari. Wa pili ni wewe, na wala sikukufundisha."

"Asante, Mwalimu."

"Usinishukuru. Nimekasirika. Chai hii haina maana kwamba sikukasirika."

"Naelewa."

"Haya. Jibu nimeliona. Sasa nionyeshe njia."

Mzee Futi alikuwa ameifikiria njia barabarani. Koti haliwezekani tena, alieleza, lakini kizibao kinawezekana, kwa sababu kizibao kina mahameli mbele tu. Mgongo wake hushonwa kwa bitana. Kifua cha kulia kipo na kimekaa sawa. Cha kushoto kitakatwa upya kutoka mgongo wa koti, ambao una vipande viwili vipana. Mwalimu alivuta gazeti, akageuza pembeni palipo wazi, akaanza kuchora kwa kalamu nyekundu. Alichora kipande, akaweka mshale, akachora kingine.

"Mgongo una vipande viwili, na wewe umetumia kimoja," alisema hatimaye. "Hiki cha pili ukikikata nacho juu chini, kitalingana na kile ulichokiharibu."

"Kitalingana."

"Basi ni vizibao viwili. Kimoja vinyoya vinashuka, kimoja vinapanda. Kila kimoja kiko sawa peke yake."

Mzee Futi aliuchungulia mchoro. Ulikuwa sahihi. Aliuliza cha pili kitakuwa cha nani.

"Wewe huji harusini?" Mwalimu aliuliza. "Marehemu alisema kitambaa hiki kivaliwe siku mwanawe atakapooa. Hakusema kivaliwe na mtu mmoja. Lakini kile cha juu chini utavaa wewe."

"Ni haki," alisema Mzee Futi, na chai ikampalia.

Siku zilizofuata cherehani yake haikupumzika, kwa kuwa vizibao viwili ni kazi zaidi ya koti moja, na kalenda ilikuwa na watu wengine pia. Safari hii kila kipande kilitolewa nje kwanza, kikapapaswa juani na mume, kikapapaswa na mke, ndipo kikaletwa mezani. Bila Wasiwasi alisema kwamba hajapata kuona kitambaa kikipelekwa kuota jua kama mgonjwa. Muuza mboga, ambaye gauni lake lilikwisha kutoka zamani na ambaye sasa hupita dukani kila siku kuona kama somo linaendelea, alileta stuli yake akawa anafuatilia kama mtu anayefuatilia mpira.

Jumatano ikafika. Saa tisa na nusu alasiri, nusu saa kabla ya ahadi, Mwalimu alisimama mlangoni. Vizibao vyote viwili vilikuwa juu ya meza, vimeshonwa, vimetiwa bitana, vimepigwa pasi kwa upande wa ndani kama mahameli inavyotaka. Matundu yalikuwa tayari. Kizibao kimoja kilikuwa na vifungo vitano. Cha pili, cha Mwalimu, hakikuwa na hata kimoja.

"Kimefikia wapi?" Mwalimu aliuliza.

Mzee Futi alifungua kinywa, akakifunga. Katika maisha yake yote ya ufundi, maneno yale matatu hayakuwahi kuwa kweli tupu kama yalivyokuwa dakika ile, na hayakuweza kutoka. Alikitazama kizibao, akaitazama kalenda. Bila Wasiwasi, aliyekuwa ameegemea mwimo wa mlango, aliziba mdomo kwa kiganja. Muuza mboga alianza kutikisika kwenye stuli yake.

Ndipo Mama Vifungo aliponyanyua sindano.

"Mwalimu, bado vifungo tu," alisema. "Na safari hii ni vifungo kweli, na ni mimi kweli. Keti uone kwa macho yako."

Hakuna mtu mtaani aliyewahi kumsikia Mwalimu akicheka. Wengine walidhani ni kikohozi. Kicheko kilianza chini, tumboni, kikapanda, mabega yakaingia, mwishowe ikabidi avue miwani. Aliketi kwenye kigoda akivuta pumzi, akahesabu kwa sauti kila kifungo kilipokazwa: kimoja, viwili, vitatu. Cha tano kilikatwa uzi ikiwa imebaki robo saa kufika saa kumi. Mwalimu alisimama, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akaenda kwenye kalenda na kuweka alama ya vema kwenye tarehe yake. Kisha akavaa kizibao chake mbele ya kile kioo chenye ufa, akajigeuza huku na huku, akaondoka nacho mwilini. Muuza mboga alimwambia Mama Vifungo kwamba ile dawa ya macho sasa aigawe.

Harusi ilifungwa Jumamosi. Walipotoka kanisani jua lilikuwa la saa sita, kali, na mpiga picha aliwapanga wazazi kwenye ngazi. Aliwatazama wale wazee wawili waliosimama bega kwa bega katika mahameli ya kijani, akashusha kamera.

"Wazee wangu, samahani, mmoja wenu yuko kivulini? Huyu nguo yake inaonekana nyeusi."

Mwalimu hakungoja kuulizwa mara ya pili. Alimwita kijana yule apande, akamshika mkono, akaupitisha kwenye kifua chake kwenda chini, kisha kwenye kifua cha Mzee Futi kwenda chini, amwambie tofauti. Akaeleza habari za vinyoya. Wageni wakasogea, kila mmoja akataka kupapasa; shangazi wa bwana harusi alipapasa mara tatu kwa kutoamini. Bibi harusi alisimama na maua yake akisubiri, akamwambia mumewe kwamba picha zao zitapigwa baada ya kipindi cha hesabu kwisha.

"Mkwe wangu alikikata juu chini," Mwalimu alikuwa akiwaeleza watu, kwa sauti ya kutosha ua mzima. "Nisingejua mpaka naingia kaburini. Akaja mwenyewe kuniambia. Ukitaka nguo, mpelekee mkwe wangu. Ila usiende kama una haraka."

Mzee Futi hakusikia yote. Alikuwa amesikia neno moja, akabaki nalo. Mpiga picha akaomba utulivu, watu wakajipanga upya, na Mama Vifungo akaona kwamba futi ya kamba ingali shingoni mwa mumewe, imening'inia juu ya kizibao chake kizuri. Akanyoosha mkono kuivuta.

"Mwache, mama," alisema Mwalimu, macho yakiwa kwenye kamera. "Watu wamjue."